Kifaa cha Mwanakombo

Mwanakombo alirudi kiwandani baada ya miezi minne ya kuuguza mkono uliovunjika, akaenda moja kwa moja kwenye pampu kubwa ya maji. Yeye ndiye aliyeifungia mota yake kifaa cha kupunguza mwendo kazi inapopungua. Matumizi ya umeme yalishuka, wakubwa wakampigia makofi. Leo mota ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zote, ingawa nusu ya mabomba yalikuwa yamefungwa.

"Nani amekitoa kifaa changu?"

"Mimi," alijibu Shemdoe, msimamizi wa zamu. "Kilizimika mara mbili, dada. Tungefanyaje? Hakuna aliyekijua ila wewe."

Maneno makali yalimjaa Mwanakombo mdomoni, akayameza. Ni kweli, hakuwa amemfundisha mtu. Alitaka sifa zile zibaki zake.

Alizima mota, akakileta kifaa kutoka stoo, akakifungua. Kilikuwa kimejaa vumbi; ndilo lililokuwa likikizima.

"Shika brashi, kaka," alisema taratibu. "Utakisafisha wewe, na utakifunga wewe."

Shemdoe alifunga waya wa mwisho, kisha akawasha mota. Mngurumo ulianza kushuka, kidogo kidogo, na wafanyakazi wakainua vichwa mmoja mmoja, wakisikiliza.