Chapa Iliyofutwa

"Kipande cha ule uvimbe wa shina la ubongo tuliomtoa binti yako bado kiko hai, mzee," daktari alimwambia Warsame ofisini mwake Garissa. "Tunakilisha maabara, Nairobi."

Kidole gumba chenye wino kikasita juu ya fomu ya utafiti. Binti yake kafukiwa mchangani Modogashe, na muuaji wake ananeneshwa!

"Kinafuta alama za kemikali kwenye DNA, zile zinazozuia seli kukua ovyo. Ukikubali, tutajaribu kuzirudisha."

Warsame aliwajua wezi wa ngamia. Kazi yao ya kwanza ni kufuta chapa ya mwenyewe.

"Mkizirudisha, kitakufa?"

"Huenda. Polepole."

Akakandamiza kidole mpaka wino ukachuruzika.

"Basi usikiharakishe, daktari. Wallahi, mwanangu kilimla miezi tisa."