Kuku wa Kocha

Chuo cha michezo kilisomesha bure watoto wa mafukara tu, ndiyo maana makocha wake hawakutaka tena mkimbiaji wa nyumba isiyo ya kifukara. Nani fukara, liliamua jicho la mtambo lililofungwa jikoni mwa kila nyumba kutazama kinachopikwa.

Siku kocha alipokuja kumwona Restituta akikimbia, Basilisa, mama wa binti huyo, alichinja kuku wake wa pekee. Kwake mgeni hapewi ugali mkavu.

Kocha alikula mpaka akalamba vidole. Kisha simu yake ikalia, akaisoma.

"Mama, jicho limeona nyama. Mmepanda daraja. Siwezi kumchukua binti."

"Lakini umekula wewe, baba."

"Najua. Tena mtamu." Akaomba maji ya kunawa.

Basilisa akammiminia. Nje, Restituta alikuwa ameshafunga kamba za viatu, anasubiri kuambiwa aanze.