Chumvi ya Askofu

Siku ya Hukumu ikawadia. Mbingu hazikupasuka, wala tarumbeta haikulia. Ilikuwa Jumanne tu, saa ya mapumziko, na aliyehukumiwa alikuwa mpishi wa shule.

Kosa lake lilijulikana mabweni yote. Jumapili askofu alikuja kubariki maktaba mpya, akaandaliwa chai, akapiga funda moja na kulitema lote juu ya kanzu yake takatifu. Pipa la sukari lilikuwa limejaa chumvi.

"Leo chumvi, kesho sumu," alisema Mkuu wa shule. "Mama Jiko, ukishapakua chakula cha mchana, ufungashe."

"Lakini mama, unamshuku nani?" aliuliza mwalimu wa zamu.

"Mungu anajua," alijibu Mama Jiko, akaendelea kuchambua maharage.

Chumba cha nyuma ya jiko ndicho kilichokuwa nyumba yake. Mume alishazikwa, watoto hakujaliwa. Akitoka getini, hakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Hakuna mwanafunzi aliyeteseka kama Nabii. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu ndiye aliyewaombea kila asubuhi na kabla ya mitihani, ingawa aliwatabiria kufaulu na hesabu wakafeli wote. Tangu Jumapili chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Wenzake wakasema amefunga kwa ajili ya Mama Jiko, wakagawana nyama yake kwa heshima zote.

Sasa alikuwa amepiga magoti kwenye banda la kuni, paji la uso ukutani.

"Bwana, wewe ni hakimu wa haki. Mama huyu hana hatia, unajua. Mlainishe Mkuu moyo. Askofu apige simu, aseme amesamehe. Njia unazo nyingi, Bwana, tumia yoyote kati ya hizo, ila fanya haraka. Nakusihi!"

Kuni hazikujibu. Nabii akagonga kichwa ukutani, taratibu, mara kwa mara, kama mtu anayebisha hodi nyumba isiyo na watu.

"We Nabii! Unaongea na kuni?"

Alikuwa kiranja wa bwalo, msichana ambaye Mama Jiko alimuuguza malaria kwa mikono yake mwenyewe. Macho yalikuwa mekundu.

"Naomba."

"Na Mungu wako anasemaje?"

"Amenyamaza."

"Mpigie tena, labda hakuna mtandao." Akataka kucheka, kikatoka kilio. "Mimi nataka kitu kimoja tu. Aliyefanya hivi akamatwe leo leo, mbele ya watu. Sema amina."

Nabii akakohoa.

"Sema amina, bwana!"

"Hizi kuni zina vumbi," alisema Nabii, akajifuta uso kwa shati.

Kengele ikalia.

Desturi ya shule ile ilikuwa kwamba anayeondoka ndiye anayewaombea wanaobaki. Hivyo baada ya kupakua, Mama Jiko alivua aproni, akaikunja vizuri, akasimama mbele ya bwalo. Sanduku lake lilikuwa mlangoni. Mkuu aliinamisha kichwa, jicho moja kwenye saa. Nabii alishika ukingo wa meza kama mtu anayezama, akanong'ona, "Sasa, Bwana. Sasa hivi, tafadhali."

"Baba," alianza Mama Jiko, kwa sauti ileile ya kuulizia nani hajapata mchuzi, "hukumu ni yako, nami nimekuachia. Yule mtoto niliyemwona akitoka stoo na mfuko wa chumvi, anacheka peke yake, usimhesabie. Ni utoto tu. Nikimtaja watamfukuza, na mimi kwako sipotei, utanipa jiko lingine, lakini yeye nani atampa shule nyingine? Mlinde, Baba. Na kesho asubuhi akisimama kuwaombea wenzake, msikilize kama unavyonisikiliza mimi."

"Amina!" bwalo likaitikia kwa mazoea, kabla halijaelewa.

"Mkuu," alisema Nabii, ameshapanda juu ya benchi, "msimtoe Mama. Ile chumvi niliitia mimi."