Povu Masikioni

Siku kaka yangu alipokufa maji, meneja wa maji alituambia ni uzembe wake mwenyewe. Kaka alikuwa ndani ya tenki la mji akisugua kuta, mtu akawasha pampu. Hakuna aliyejua ni nani, ingawa ufunguo wa chumba cha pampu alikuwa nao meneja.

Meneja akastaafu kwa hotuba na makofi. Mimi nikapewa kazi ya kaka. Mwaka mzima nimefungua na kufunga valvu, kila mtaa kwa zamu yake, bila kumpunja mtu.

Leo asubuhi ilikuwa zamu ya mtaa wa meneja, nami nikafunga mapema. Nilijua wakwe wa binti yake wanakuja.

Alifika mbio hapa tenkini, povu la sabuni limemkaukia shingoni na masikioni. Akina mama waliokuwa wakichota kwenye bomba la tenki wakaangua kicheko.

"Mzee, kinyozi si huku!" mmoja akamtania.

"Mwanangu, fungua," akaniambia. "Wakwe wako mlangoni. Usiniaibishe."

"Nani aliwasha pampu?"

Akawatazama akina mama. Povu lilikuwa linamwasha, akajikuna.

"Mimi," akanong'ona. "Nilikuwa na wageni, bomba kavu. Nilisahau kwamba yumo."

"Rudia, Mzee. Walio nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa sauti. Kicheko kikakatika. Ndoo moja ikafurika, hakuna aliyeiondoa.

"Sasa fungua, mwanangu."

Nikamwambia zamu yao ijayo ni Alhamisi.

Leo ni Ijumaa.