Adhabu ya Kuku

Nidhamu ya jeshi humlinda nani? Tierney, mpiga ngoma ambaye kwa desturi ya kikosi ndiye huwachapa askari waliohukumiwa, alijiuliza hivyo aliposimama kiwanjani na mjeledi mkononi. Jana yake, wakiwasaka waasi wa Ireland, yeye na wenzake waliteketeza mtaa mzima kwa amri ya kapteni, pamoja na bikizee mmoja aliyeshindwa kutoka kitandani. Wakapewa pombe kwa kazi nzuri. Sasa mwenzao Kinsella alikuwa amefungwa nguzoni kwa kuiba kuku katika mtaa huohuo.

“Mali ya raia haiguswi,” kapteni aliwakumbusha, huku mafuta ya kuku huyo yaking’aa kidevuni mwake.

“Piga polepole, ndugu yangu,” alisema Kinsella. “Hata kuonja sikuonja.”

Askari walicheka. Koti la Tierney bado lilinuka nyama iliyoungua. Akauweka mjeledi miguuni pa kapteni, kisha akawageukia wenzake.

“Simchapi mtu kwa ajili ya kuku, ilhali sisi tuliomchoma bibi yule tumenyweshwa pombe,” alisema. “Nifungeni mimi.”