Picha ya Thelathini na Moja

Kila nyumba ilipaswa kukagua picha arobaini za jua kabla ya chai ya asubuhi, maana darubini zilileta picha nyingi kuliko mashine zilivyoweza kuzielewa. Ukiona jua limetulia, unabonyeza kijani. Ukiona dalili ya mlipuko, nyekundu. Picha moja ilipita nyumba tano za mtaa mmoja, na nyumba iliyotofautiana na nyingine mara tatu, mkaguzi wake alipelekwa kukaa darasani mwezi mzima.

Sikudhani, mke wa Mbaraka, alikuwa ameshatofautiana mara mbili.

Picha ya thelathini na moja ilimfanya avue miwani, aipanguse, aivae tena. Ukingoni mwa jua utepe mweusi ulikuwa umejikunja na kuanza kukatika. Akamwita mumewe.

Mbaraka aliinama, akatazama. Chumba cha pili mashine ya oksijeni ya mama yake ilikuwa ikivuma. Jua likilipuka vile, umeme ungeweza kupotea siku tatu.

"Bonyeza kijani, mke wangu," alisema. "Wenzetu wanne hawatathubutu nyekundu. Ukienda darasani, mama atabaki na nani?"

Akabonyeza. Kioo kikaandika: nyumba zote tano zimekubaliana.

Sikudhani alichukua madumu yote ya nyumbani, akaenda bombani kabla pampu haijazimika. Alimkuta jirani yake, Mama Tatu, na madumu sita.

"Una wageni leo?" Sikudhani aliuliza.

"Hapana. Nimeona tu nijaze."

Nyuma yao wakaja majirani wengine watatu, wote wamelemewa na madumu. Hakuna aliyeinua macho juu.