Bangili ya Wifi

Kila nyumba ina mtu mmoja wa kutibiwa na kampuni. Wengine wote ni wa serikali. Kwetu walimchagua wifi yangu Nakijwa, na bangili yake ya kijani ndiyo inayofungua mlango wa zahanati wenye daktari na dawa. Sisi wa serikali tuna benchi.

Zahanati hiyo tuliijenga wenyewe kwa msaragambo, kijiji kizima bila malipo. Mimi nilisomba mawe nikiwa na mimba, wifi akasingizia mgongo. Sijasahau. Serikali ikaleta bendera, kampuni ikaleta rangi, leo ni yao.

Sasa kifua kinanikaba, na yeye jana alikwenda kutibiwa chunusi!

"Wifi, niazime hiyo bangili kesho tu."

"Haikubali mkono mwingine, wifi. Inajua mapigo ya moyo wangu. Mpaka nife ndipo wakuvalishe wewe, unayefuata."

"Basi utaishi mpaka unizike!"

Tukacheka, kikohozi kikanikatiza. Nilipotulia, alinikuta nimeukodolea macho mkono wake.

Jioni nilipakua makande kama kawaida. Nakijwa aliisukuma sahani yake mbele yangu, akasema taratibu, "Onja wewe kwanza, wifi."